Lydia Ciambaka Hayumo Kitabuni

Vijana wenzangu, siku mliponiaga mliniuliza ni mtu gani alinisumbua kuliko wote katika kazi hii ya kuamua nani aingie kwenye kamusi elezo na nani abaki nje. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni, na pia kwa sababu nilijua nikianza hamtarudi nyumbani. Sasa nimestaafu, nina meza yangu na wakati wangu, kwa hiyo nawaandikia. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Nyinyi siku hizi mnabishana kwenye tarakilishi. Mmoja anaweka kijana wa chuo aliyefunga mabao mawili, mwingine anamfuta kabla chai haijapoa, na hakuna kati yenu aliyemwona kijana mwenyewe. Sisi tuliamua kwa kadi, kwa penseli na kwa miguu yetu. Sisemi ilikuwa bora. Nasema tu kwamba mtu uliyekwenda kwake ukanywa chai yake ni vigumu kumfuta.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilitoka kwetu Nkubu na sanduku la bati na cheti cha ukutubi, nikashuka Embu mjini, nikaelekezwa juu ya duka la misumari na mabati. Huko ndiko kampuni yetu ndogo ilikokuwa ikitayarisha kamusi elezo ya watu wa pande hizi, kutoka Meru hadi Embu: machifu wa zamani, wahubiri, waganga, walimu, wanamuziki, wanariadha. Mhariri mkuu alikuwa Mzee M'Ikiara, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Meru, mrefu, mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata wakati wa jua la Februari. Aliniuliza jina, nikamwambia Karimi. Akaniuliza kama najua kusema hapana. Nikasema ndiyo. Akasema, "Tutaona."

Tuliona siku hiyohiyo. Kabla ya saa ya chai alipanda ngazi mwanamume mmoja na mbuzi. Sitanii, mbuzi mzima, ameshikwa pembe, kwato zinagonga mbao. Alitaka marehemu baba yake aandikwe kitabuni, na mbuzi alikuwa wa kusindikiza ombi. Mimi nilibaki mdomo wazi. Mzee M'Ikiara alimkaribisha vizuri, akamuuliza baba yake alifanya nini.

"Alikuwa mtu mzuri sana," yule bwana akasema.

"Wazuri ni wengi, tukiwaandika wote kitabu hakitabebeka," Mzee akajibu. "Karimi, mwambie."

Nikasema hapana yangu ya kwanza. Mbuzi alinitazama kwa dharau zaidi kuliko mwenyewe.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Kila aliyependekezwa alifunguliwa kadi moja ngumu. Upande wa mbele uliandikwa maisha yake, upande wa nyuma ushahidi: nani kasema, wapi, lini. Magazeti tuliyakata kwa mkasi wa fundi nguo, tukayabandika kwa uji wa unga wa ngano, na kama hukuweka chumvi kwenye uji ule mende walikula historia. Kwa wanariadha kanuni ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kufuata: awe ameshinda mashindano ya taifa, na habari zake ziwe zimeshuhudiwa na wengine wasio na haja naye. Mdomo wa mwenyewe haukuhesabiwa. Mama yake pia hakuhesabiwa.

"Hata kama ni mama mwaminifu?" niliwahi kumuuliza Mzee.

"Hasa huyo," akasema.

Nilijifunza kwake mambo ambayo bado nayatumia. Usimuulize mtu, "Ulishinda?" Muulize mvua ilinyesha au la siku ile. Usikubali soda kabla ya swali la mwisho. Na ukienda kwa watu, jitambulishe kwanza kwa mwenye umri mkubwa hata kama hasikii, maana wengine wote wanakutazama kuona kama una adabu.

Katikati ya miaka hiyo ndipo kadi ya Lydia Ciambaka ilipofika mezani kwangu. Alikuwa mkimbiaji wa chuo kimoja cha ualimu. Nilikuwa na vipande vya magazeti vilivyosema alishinda mita elfu moja na mia tano katika michezo ya vyuo ya taifa, akarudi mwaka uliofuata akashinda tena, akiwaacha wenzake nyuma sana. Mwandishi mmoja aliandika kwamba msichana huyu wa Mbeere angetuletea nishani kutoka ng'ambo. Baada ya hapo, kimya. Si tangazo la ndoa, si habari ya kuumia, hakuna.

Mzee M'Ikiara hakumpenda tangu mwanzo. "Mwanariadha wa chuo ni kama mahindi mabichi," alisema. "Matamu, lakini hayawekwi ghalani." Mimi nilibisha. Nilisema taifa ni taifa, awe wa chuo au wa jeshi, na kwamba kitabu chetu kilikuwa kimejaa machifu wanene, hakuna hata mwanamke mmoja anayekimbia. Tulibishana siku nzima, mpaka mwenye duka la misumari akapanda kuuliza kama kuna tatizo. Mwishowe Mzee akanirushia kadi. "Nenda kahakikishe. Wazazi, mahali alipozaliwa, na kwa nini aliacha. Ukirudi na sababu, nitamtia."

Nilimpata Kianjokoma, akifundisha shule ya msingi. Mnaijua Kianjokoma asubuhi: baridi ya kwenye majani chai inayoingia mpaka kwenye meno. Mwalimu Lydia alikuwa mwanamke mpole, mnene kidogo, filimbi shingoni. Alikuwa ndiye mwalimu wa michezo. Mwalimu mkuu alinieleza kwa fahari kwamba walimwomba wao kwa sababu ya jina lake katika riadha. Watoto walimpenda, hilo lilionekana hata kwa kipofu.

Nikatoa kadi. Nikamuuliza nilivyofundishwa: siku ile mvua ilinyesha?

"Ilinyesha... hapana. Kulikuwa tu na wingu."

"Mzunguko wa mwisho ulikimbiaje?"

"Nilikimbia tu."

"Na kwa nini uliacha?"

"Mguu."

"Upi?"

Hapo akatazama miguu yake yote miwili kama anayechagua. Nilishangaa, lakini sikuwa na akili ya kushuku. Nilidhani ni haya. Alinimiminia chai, akaningoja mpaka nikamaliza kikombe, kisha akasema kwa sauti ndogo, akitazama dirisha: "Karimi, wewe enda Gachoka. Uliza boma ya cucu yetu, kila mtu anaijua. Hiyo maneno yote utapata huko. Mimi hapa siwezi."

Cucu ni nyanya, kwa asiyejua. Nikaenda Gachoka.

Ukitoka Kianjokoma ukafika Gachoka utafikiri umebadilisha nchi. Sweta nililivua, nikatamani kuvua na ngozi. Nilionyeshwa boma. Kikongwe alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba, macho ameyafumba, nikamsalimu yeye kwanza kama nilivyofunzwa, hakujibu. Uani mwanamke mwembamba aliyenizidi miaka kumi hivi alikuwa akipiga ndengu kwa fimbo, maganda yanaruka. Nikamwambia natafuta kwao Lydia Ciambaka.

"Umefika. Ni mimi."

Nikacheka. Nikamwambia namtafuta yule mkimbiaji, aliyekuwa chuo cha ualimu.

Akaweka fimbo chini. Akajipangusa mikono kwenye leso, taratibu, kila kidole. "Si nimekuambia ni mimi?"

Jamani, nilipigwa na butwaa. Nilitazama kadi, nikamtazama yeye, nikaitazama tena kadi. Jana nilikuwa nimekunywa chai ya Lydia Ciambaka mwingine! Niliuliza swali la kijinga kabisa: kama ana hakika.

"Mimi kujua jina yangu?" akasema. "Keti, utaanguka."

Nikakaa kwenye kinu. Ndipo akanieleza jambo ambalo mimi, mtoto wa pande hizohizo, nilipaswa kulifikiria kabla ya kutoka ofisini. Huku binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nyanya yule pale mlangoni alibatizwa Lydia, jina la nyumbani Ciambaka. Alizaa wana wawili, Njeru na Nyaga. Njeru akapata binti, akamwita Lydia Ciambaka. Nyaga akapata wake, akamwita Lydia Ciambaka. Wa Njeru alikwenda chuo, akawa mwalimu. Wa Nyaga hakuendelea na shule, alibaki na mbuzi na ndengu. Magazeti huandika majina mawili tu, na la baba ni la tatu.

"Sasa ilikuwa hivi," Lydia wa Nyaga akasema. "Nilikuwa nimepelekea yeye ndengu huko chuo, siku ya wageni. Nikapata ni mgonjwa, malaria imemlaza. Na alikuwa ameandikwa akimbie. Mwalimu wa michezo anaita kwa kipaza sauti, Lydia Ciambaka! Lydia Ciambaka! Mimi nikaitika. Kwani ungeitwa jina yako unyamaze?"

"Ukakimbia?"

"Aliniambia simama hapo, nikasimama. Akasema kimbia, nikakimbia. Kumaliza nikaona wengine wako mbali, nikafikiri nimepotea njia."

Sikujua nicheke au nilie. Akaniambia kwamba yule mwalimu wa michezo wa chuo alipogundua alicheka mpaka machozi, kisha akafunga mlango na kuwauliza: jina si ni lenu nyote? Tangu siku hiyo, msimu wa michezo ukifika, ujumbe ulitumwa Gachoka. Lydia wa Nyaga angevaa fulana ya chuo, akimbie, ashinde, arudi nyumbani. Mashindano yakiwa palepale chuoni, Lydia wa Njeru angekaa ndani ya bweni na dirisha limefungwa, asionekane na wageni, akisikia jina lake likishangiliwa.

Lililonishtua zaidi si ujanja wa yule mwalimu wa michezo, maana wajanja nimewaona. Ni kwamba pale bomani hakuna aliyeona kosa. "Waliita Lydia Ciambaka, akaenda Lydia Ciambaka," aliniambia, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayeeleza jinsi ya kupanda mtama. Wajukuu wale ni nyanya yao aliyezaliwa tena, wote wawili. Na yule kikongwe niliyedhani amelala akafungua kinywa akasema kwa Kimbeere, "Ni mimi nilishinda," akafumba macho tena.

"Na uliacha kwa nini?"

"Waliniita Nairobi, kuchagua timu ya nchi. Wakataka kitambulisho, na hiyo iko na jina ya baba. Na barua ya chuo iko na picha. Mwalimu wa michezo akasema, mama, hapo umefika, rudi. Nikarudi kwa ndengu." Akaokota ganda moja begani kwangu. "Nikiambia watoto wangu nilikuwa nakimbia, wanacheka. Bwana yangu pia anacheka. Sasa hiyo kitabu yako itaandika ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia kadi yangu inasema Njeru, kama nilivyoelezwa shuleni Kianjokoma.

"Nataka iandikwe Nyaga," akasema. "Sitaki kitu ingine. Hiyo tu."

Nilirudi Embu kichwa kinavuma. Mzee M'Ikiara alinisikiliza bila kunikatiza, jambo la nadra. Kisha akavua miwani. Sijawahi kumwona ameshtuka namna ile. Alifungua droo akaifunga, akaifungua tena, hakuna alichotoa.

"Aliyekimbia hakuwa mwanafunzi," akasema. "Aliyekuwa mwanafunzi hakukimbia. Kwa kanuni ya ile michezo, mshindi hayupo."

"Yupo Gachoka anapiga ndengu, nimemwona!"

"Umemwona wewe, na aliyekueleza ni mwenyewe. Mdomo wa mwenyewe, Karimi."

Nilipandwa na hasira nikasema maneno ambayo sekretari wetu aliyakumbuka kwa miaka. Mzee akaningoja nimalize. Akasema kuna mlango mmoja. Mwalimu Lydia akija mbele ya kamati aseme kwa kinywa chake, "Si mimi niliyekimbia," huo ni ushahidi wa mtu anayejiumiza, na mtu hajiumizi kwa uongo. Hapo Lydia wa Nyaga ataandikwa, habari yote, na chuo na fulana na dirisha la bweni. Kitabu kitakuwa na mkimbiaji wa ajabu kuliko wote nchini.

"Na Mwalimu Lydia?"

"Atafutwa kazi," Mzee akasema. "Waliomwajiri walimwajiri kwa zile mbio."

Nilipeleka maneno hayo kote kuwili, Kianjokoma na Gachoka, bila kuongeza wala kupunguza. Siku ya kamati nilikuwa na hakika hatakuja mtu. Kumbe nilikuwa nimewasoma vibaya. Walipanda ngazi pamoja, wameshikana mikono kama wasichana wanaokwenda kisimani, mmoja na filimbi yake shingoni, mwingine na kitambaa kipya kichwani. Kamati ilikuwa ni Mzee, mimi, na mchungaji mmoja mstaafu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kufungua kikao kwa sala.

Mwalimu Lydia hakungoja kuulizwa. Alisimama, machozi tayari yanamtoka. "Mzee, nimekuja kusema ukweli. Nimekaa na hii kitu kwa roho miaka yote. Watoto wananiimbia nyimbo za mbio, nami najua—"

"Nyamaza," akasema Lydia wa Nyaga.

Mwenzake akaendelea, "Najua si mimi—"

"Nimesema nyamaza!" Akamvuta chini kwa nguvu, kiti kikalia. Sote tulishtuka, mchungaji akaangusha kalamu. Kisha akamgeukia Mzee, sauti imetulia kabisa. "Mzee, hii dada yangu ndio anasomesha watoto ya hiyo boma yote. Wake na wangu. Mtoto yangu mkubwa ako kidato cha pili, ni yeye. Akifutwa, watoto watasomeshwa na kitabu yako?"

Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima, nikaisahau.

"Lakini ni haki yako," nikamwambia. Karibu nimshike mabega. "Wewe ndiye uliyetaka kuandikwa!"

"Bado nataka," akasema. "Kutaka si kosa. Lakini hakuna mtu amesema kitu hapa. Huyu amelia tu, hata kanisani watu wanalia."

Mpaka leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Si Mzee, kanuni yake ilikuwa ya haki na nimewafundisha nyinyi kanuni hiyohiyo. Si Mwalimu Lydia, aliyekuja kujitoa mhanga na kunyimwa nafasi. Lydia wa Nyaga ndiye hata sithubutu. Wote wawili wamezeeka sasa, Mwalimu amestaafu, watoto wamesoma na kumaliza, na ni wao walionipa ruhusa ya kusimulia.

Mzee M'Ikiara alichukua kadi akaandika neno alilozoea kuwaandikia wote tuliowakataa: hayumo. Alipotaka kuiweka kando, Lydia wa Nyaga akainua kidole kama mwanafunzi.

"Kabla hujatupa. Mimi kusoma nasoma polepole. Nisomee nisikie vile ingekuwa."

Hatukuwa tunamsomea mtu kadi yake. Ilikuwa mwiko, tuliogopa watu kubembeleza. Nilimtazama Mzee nikingoja akatae. Akavaa miwani, akakohoa, akasoma kwa Kiswahili chake cha darasani: "Ciambaka, Lydia. Mkimbiaji wa masafa ya kati. Alizaliwa Gachoka, Mbeere, binti wa Njeru—"

Akachukua penseli, akakata Njeru, akaandika jina jingine, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. "Binti wa Nyaga. Alishinda mita elfu moja na mia tano katika michezo ya vyuo ya taifa, akarudia ushindi huo mwaka uliofuata. Alikimbia kwa viatu vyeupe vya chuo—"

"Hapo si ukweli," Lydia akamkatiza. "Viatu zilinibana. Nilizitoa nikaacha kwa nyasi. Nilikimbia miguu tupu."

Mzee M'Ikiara, aliyekuwa ametia mamia ya watu katika debe la waliokataliwa bila kupepesa jicho, akaipindua penseli, akafuta viatu kwa kifutio, akapuliza vumbi, akaandika: miguu mitupu. Kadi ambayo hakuna mtu angeisoma! Akamalizia mistari iliyobaki. Mwalimu Lydia alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Yule mwingine alikaa wima kabisa, midomo ikifuata maneno bila sauti.

Chini dukani mtu alikuwa akipimiwa misumari.

"Tena," akasema Lydia wa Nyaga.

Na Mzee akavuta kiti chake karibu naye, akaanza upya tangu jina.